Bidoni yenye jina la raisi

Bidoni ya njano, ile tunayobeba kila asubui kwenye foleni ya maji, huko Ghana inaitwa "galoni ya Kufuor". John Kufuor alikuwa raisi wa inchi hiyo toka 2001 hadi 2009, wakati maji yalikuwa shida kubwa mjini Accra. Bidoni zilitoka ng'ambo zikiwa na mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, wanainchi wakachotea maji. Hivyo shida ikapewa jina la mkubwa, na jina likabaki.

Serge Attukwei Clottey, msanii aliyezaliwa Accra mwaka wa 1985, anakusanya zile zilizozeeka. Katika mtaa wa La, yeye na wenzake wanazikata vipande vidogo vya mraba, wanavitoboa, wanaviunga kwa waya mpaka vinakuwa shuka kubwa la kutundika ukutani. Ukilisogelea unaona bado michubuko ya kubebwa. Kazi hiyo ameiita Afrogallonism.

Mashuka mengine aliyatandika chini, kwenye njia za mtaa wenyewe, watu wakanyage. Ukoo wake ulihamia La kutoka Jamestown, na swali la ardhi ni ya nani halijaisha.