Shule ya Sekondari ya Mazengo

Shule ya Sekondari ya Mazengo, iliyojulikana awali kama Alliance, ilikuwa shule ya bweni mjini Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Ilianzishwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti enzi za ukoloni wa Mwingereza. Jina lake la baadaye linamuenzi Mtemi Mazengo wa Mvumi.

Elimu na ubaguzi. Kabla ya Uhuru wa 1961, shule za Tanganyika zilitenganishwa kwa rangi. Huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, ilifunguliwa shule ya watoto wa Kizungu kufuatia mradi wa Waingereza wa kilimo cha karanga ulioanza 1947. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shule hiyo ya Kongwa ilihamia Iringa. Mtoto wa Kiafrika, kwa upande wake, alipenya tundu la sindano: mtihani wa darasa la 10, kisha cheti cha Cambridge mwishoni mwa darasa la 12. Waliofuzu walikuwa wachache mno, na kila mmoja alibeba matumaini ya kijiji kizima.

Maisha ya wanafunzi. Masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Ibada, michezo na kazi za mikono vilijaza siku, na bweni liliwaunganisha vijana wa makabila mbalimbali. Udugu huo ulikuwa hazina kwa taifa changa.

Urithi. Mwaka 2007 majengo yake yakawa makao ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Tanzania, cha Kanisa Anglikana.