Sarafu za Bizanti Zilizochakaa

Mwaka 498 Kaizari Anastasius alianzisha huko Konstantinopoli sarafu nzito ya shaba, folisi, yenye herufi kubwa M upande mmoja. Kwa hesabu ya Kigiriki M ni 40, thamani yake kwa numi, sarafu ndogo kabisa ya shaba; K ilikuwa 20. Ndiyo maana wakusanyaji huithamini hata ile iliyosagika hadi sura ya kaizari ikafutika: M bado inasomeka, na chini yake pengine CON au NIKO, kifupisho cha jina la mji ilikopigwa. Baadaye Kaizari Justinian akaongeza mwaka wa utawala wake, kuanzia wa 12 (538–539). Za Kaizari Heraclius, aliyetawala baadaye, ndizo zinazovutia zaidi. Nyingi zilipigwa chapa juu ya sarafu kuukuu, na zikimulikwa kwa pembeni, herufi za mtawala aliyetangulia huchomoza.