Tiroide na maumivu ya kichwa: ginsi ya kuyatofautisha na kuyatuliza

Mama anauza sombe sokoni. Tangu miezi mitatu kichwa kinamuluma karibu kila siku. Amepimwa malaria mara tatu, haikuonekana. Ameambiwa ni mawazo ya vita. Kila asubui anameza parasetamole mbili mbele ya kubeba muzigo. Hakuna mwenye amemuuliza kama anasikia baridi kuliko wengine, kama anapata choo kwa shida, ao kama shingo imeanza kuvimba.

Hali ya namna hii inajulikana katika majimbo ya mashariki. Watu wengi wanaishi na ugonjwa wa tiroide bila kujua, na wengine wanajua lakini hawajaambiwa kama kichwa kinaweza kuluma juu yake. Maelezo haya ni ya kusaidia mugonjwa na jamaa yake kuelewa. Hayakamate nafasi ya muganga.

Tiroide ni nini?

Tiroide ni tezi ndogo mbele ya shingo, yenye umbo la kipepeo. Inakamata iyode ya chakula na kutengeneza homoni zenye kuongoza mwendo wa mwili: moyo, joto, tumbo, usingizi, hata siku za wanamuke. Ubongo ndio unaipa amri, kupitia homoni yenye kuitwa TSH.

Tiroide ikifanya kazi polepole, mutu anachoka, anasikia baridi, ngozi inakauka, uzito unapanda, moyo unapiga taratibu. Ikifanya kazi mbio kupita kiasi, mutu anakonda hata kama anakula, anatoka jasho, mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio. Wengine macho yanatokea inje. Huo ni ugonjwa wa Basedow. Shingo yenye kuvimba, yaani gwatre, inaweza kupatikana kwa pande zote mbili, na kuna wenye gwatre ambao homoni zao ziko sawa.

Kivu na gwatre: historia ndefu

Ugonjwa huu si mugeni huku. Katika miaka ya 1960 na 1970, watafiti wa Lwiro, upande wa Kabare, walivuka mara nyingi kwenda kisiwa cha Idjwi kupima watu. Iyode ilikuwa ndogo kisiwani mwote, lakini gwatre ilikuwa nyingi sana kaskazini kuliko kusini-magharibi. Uchunguzi ulionyesha kama muhogo ulikuwa na sehemu yake: muhogo wenye haukutayarishwa vizuri unaacha sumu kidogo, na mwili ukiigeuza, inazuia tiroide kukamata iyode.

Chumvi yenye iyode ilibadilisha mambo mengi. Lakini hata iyode ikizidi inaleta shida. Katika miaka ya 1990, waganga waliandika juu ya watu wa Kivu ambao tiroide yao ilianza kwenda mbio kisha chumvi yenye iyode kuenea. Ndiyo maana haifae mutu kujinunulia matone ya iyode ku soko eti anatibu gwatre. Chumvi ya kawaida yenye iyode inatosha: ifunikwe, isiachwe kwa jua, na itiwe chakula kikiwa karibu kuiva. Muhogo uloweshwe siku za kutosha na kuanikwa muzuri. Lakini chumvi haikamate nafasi ya vidonge kwa mutu mwenye muganga amekwisha kumuandikia.

Ni kichwa gani kinatoka kwa tiroide?

Waganga wanahesabu kama karibu watu 30 kwa 100 wenye tiroide ya polepole wanasumbuliwa na kichwa. Mara nyingi kinaluma pande zote mbili, kama kamba yenye kufungwa, bila kupiga-piga, na kinabakia siku nzima. Kwa kawaida hakileti kutapika. Tiroide ikitibiwa, kichwa nacho kinapungua katika miezi michache.

Tiroide ya mbio inaweza pia kuleta kichwa, juu ya moyo wenye kupiga mbio, tansio yenye kupanda na usingizi wenye kukatika. Na mutu mwenye kumeza dawa ya tiroide kupita kipimo anaweza kuanza kulumwa na kichwa, kutetemeka na kukosa usingizi.

Migrene ni ugonjwa wake wenyewe. Mara nyingi inashika upande mumoja, inapiga-piga kama ngoma, inaleta kichefuchefu, na mugonjwa anakimbia mwangaza na kelele. Bila dawa inakamata saa 4 mupaka siku 3. Wengine wanaona kwanza nyota ao mistari yenye kung'aa mbele ya macho. Inapata wanamuke kuliko wanaume, sawa vile tiroide. Kwa hiyo mutu mumoja anaweza kuwa na zote mbili, na tiroide yenye haitibiwe inaweza kufanya migrene irudie mara nyingi zaidi. Mutu huyo anahitaji kutibiwa pande zote mbili: dawa ya tiroide peke yake haitamaliza migrene, na dawa ya maumivu haitatengeneza tiroide.

Egzame gani ya kuomba?

Damu inapimwa TSH, na mara nyingi T4 pamoja. Egzame hii inapatikana zaidi katika hospitali kubwa za muji kuliko katika vituo vya mungini. Kwa sababu inakula feza, ni muzuri kwanza kuongea na enfirmie ao muganga na kumupa dalili zote, si kichwa tu. Tansio ipimwe vilevile. Na kama kuna homa, malaria ipimwe palepale, hata kama mutu anajulikana ana tiroide.

Kumeza dawa ya tiroide ginsi inafaa

Kwa tiroide ya polepole, dawa ni levotiroksine. Inamezwa asubui na mayi peke yake, tumbo likiwa wazi, dakika 30 mupaka 60 mbele ya chai, kahawa ao uji. Uji wenye soya, kama masoso, unazuia dawa kuingia vizuri. Usinywewe saa moja na dawa. Vidonge vya feri, kalisiumu na dawa za vidonda vya tumbo vitenganishwe nayo kwa saa 4. Hili linagusa sana wamama wenye mimba, kwa sababu wanapewa feri ku konsultasio. Kwa mimba, mwili unaomba levotiroksine nyingi zaidi: mama asiachie dawa, bali ajulishe muganga mapema.

Kipimo kikibadilishwa, TSH inapimwa tena kisha majuma 6 mupaka 8. Mbele ya hapo ni mapema kusema dawa haisaidie. Vidonge visiwekwe karibu na moto, wala chini ya manjanja pahali joto linapanda muchana.

Wenye tiroide ya mbio wanapewa dawa zingine, kama karbimazole. Hapa kuna hatari yenye kila jamaa inapaswa kujua. Mara chache dawa hii inamaliza chembe nyeupe za damu, zile zenye kupigana na magonjwa. Mutu mwenye kuitumia akipata homa na koo lenye kuluma, asiseme «ni malaria tu». Asimeze tena kidonge kingine mbele ya kupimwa, na aende hospitali siku ileile, aonyeshe dawa na aombe damu ipimwe.

Vidonge vya maumivu: musaada na mutego

Parasetamole ndiyo ya kwanza: kwa mutu muzima, miligramu 500 mupaka 1000, na asipitishe gramu 4 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa maini anapunguza, kwa shauri la muganga. Ibuprofene inasaidia migrene, lakini inamezwa na chakula, na haifae kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa mafigo, ao mimba yenye kuendelea. Mwenye tiroide ya mbio asijipe aspirine nyingi bila kuuliza.

Migrene inatulizwa vizuri mutu akimeza dawa mapema, maumivu yakianza, kisha alale pahali pa giza na kimya. Kusubiri mupaka atapike kunafanya kidonge kisiingie.

Mutego ni huu: dawa za maumivu zikimezwa mara nyingi, zenyewe zinaleta kichwa. Kwa parasetamole ao ibuprofene, hatari inaanza mutu akizimeza siku 15 ao zaidi kwa mwezi, miezi mitatu yenye kufuatana. Kwa tramadole na vidonge vyenye dawa mbili ao tatu pamoja, siku 10 zinatosha. Mutu anaamuka na kichwa, anameza, kinatulia, kesho kinarudia. Kutoka mu mutego huo kunaomba kupunguza na kuacha. Siku za kwanza ni nguvu, kisha kichwa kinapungua. Mwenye anameza tramadole kila siku asiikate gafula bila muganga.

Migrene ikirudia mara nyingi kila mwezi, kuna dawa za kuizuia. Propranolole ni moja. Inasaidia pia moyo wenye kupiga mbio juu ya tiroide, lakini inakatazwa kwa mwenye asima. Na mwanamuke mwenye kuona nyota mbele ya migrene ajulishe muhudumu mbele ya kuchagua vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu aina fulani zinamuongezea hatari ya kupooza.

Nyumbani, mambo madogo yanasaidia: kulala na kuamuka saa zilezile, kutokaa njaa, kunywa mayi ya kutosha mu jua.

Vita vikikatisha dawa

Wengi wanakimbia na watoto na godoro, vidonge vinabakia nyumbani. Kukosa levotiroksine siku moja hakuletee balaa, maana inabakia mwilini siku nyingi. Kuikosa majuma mengi ndiko kunarudisha uchovu, baridi na kichwa. Inasaidia kuweka ordonansi, ao picha yake mu simu, pamoja na kadi ya kupigia kura, na kubeba vidonge vya juma moja mu kifuko cha kukimbia nacho. Ukifika kambini, sema mapema kwa enfirmie jina la dawa na kipimo. Kwa wenye kumeza karbimazole ao propranolole, haraka ni kubwa zaidi, kwa sababu moyo unaweza kurudia kupiga mbio gafula.

Alama za kwenda hospitali bila kukawia

– Kichwa chenye kuanza gafula na nguvu sana, kupita vyote vya mbele.
– Kichwa na homa, shingo yenye kukauka, ao kuchanganyikiwa.
– Mukono ao muguu wenye kukosa nguvu, mudomo wenye kupindama, macho yenye kuona giza.
– Kichwa kikali kwa mama mwenye mimba ao mwenye kuzaa karibuni, zaidi kama miguu na uso vinavimba.
– Kichwa kisha kuanguka ao kupigwa.
– Kwa mwenye tiroide ya polepole: usingizi wenye haumuachie, mwili baridi, kushindwa kuamuka. Kwa mwenye tiroide ya mbio: homa, moyo wenye kwenda mbio sana, kutapika na kuchanganyikiwa.

Kwa wengine, kazi inaanza na daftari. Kwa muda wa mwezi mumoja, mugonjwa aandike siku kichwa kiliuma, upande gani, saa ngapi kilikamata, dawa alizomeza, siku zake za mwezi na usingizi wake. Asiyejua kuandika, mutoto wa shule anaweza kumuandikia. Mama wa sombe akifika na karatasi hiyo, enfirmie ataona kwa mara ya kwanza kama parasetamole zimepita siku 15, kama baridi na choo kigumu vinatembea pamoja na kichwa, na kama feza ya egzame ya TSH ina sababu ya kutafutwa.