Kwa nini mnyonge huishi jirani na mbabe

Wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa wanajua kwamba shamba likiachwa, magugu mepesi ndiyo hutangulia. Miti mikubwa huja baadaye. Katika makala hii tunaeleza hesabu iliyo nyuma ya jambo hilo.

Mfano mzuri uko Laikipia, Kenya, ambako aina nne za sisimizi hugombea migunga yenye miiba iliyovimba. Kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na aina moja tu. Utafiti wa Maureen Stanton, Todd Palmer na Truman Young wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa aina yenye nguvu hutegemea zaidi kunyang'anya miti ya jirani. Aina dhaifu huwahi miti mitupu kwa kutumia malkia wenye mabawa.

Hesabu yenyewe ilianzishwa na Richard Levins mwaka 1969. Tuchukue mfano wetu. Mbabe ana makazi 10. Kila mwaka hupoteza 1, na hutuma wahamiaji 2 wanaotua popote. Nusu ya nafasi zote zikiwa zake tayari, mhamiaji 1 tu ndiye atakayefaa. Amepoteza 1, amepata 1: idadi yake imetulia.

Mnyonge mwenye makazi 10 hupoteza 1 kwa kufa na 1 kwa kunyang'anywa na mbabe. Wahamiaji wake wanaotua kwa mbabe hupotea, nao ni nusu. Kwa hiyo ili adumu ni lazima atume zaidi ya 4, yaani zaidi ya mara mbili ya mbabe. Wepesi wa kusambaa ndio ngao yake.

Sasa tufyeke nusu ya nafasi zote. Nusu ya wahamiaji wa mbabe hutua penye ufyeko, na wengine hukuta nafasi zilizokwisha kujaa. Anapata chini ya anachopoteza, hadi anatoweka. Mnyonge hubaki. Mwaka 1994 David Tilman na wenzake walionya kuwa kutoweka huku huchelewa, hivyo huitwa deni: msitu huonekana mzima huku hasara ikiwa imeshaandikwa.

Mwaka 2019 Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilipandishwa kuwa hifadhi za taifa. Hesabu hii inatukumbusha kwamba vipande vya msitu vilivyo nje ya mipaka navyo vina kazi: ni vituo vya viumbe wasiofika mbali.