Upanga wa Japani na Ulimi wa Msema Kweli



Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Japani ziliingia katika bahari yetu hii ya Hindi zikaipiga Colombo, na wanamaji wa Kiingereza wakalazimika kurudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Haikupita miaka miwili, Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na miongoni mwao mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Wenzao wengine walifika salama wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani misituni. Basi haya nitakayokusimulia leo usiyaone kuwa ni mambo ya watu wa mbali. Upanga wa Japani ulikwisha kufika mlangoni petu.

Leo twaijua Japani kwa magari na mitambo yake. Lakini wenyewe kwa wenyewe Wajapani wana mjadala mkubwa usiokwisha: je, nchi yao irudi kuwa na jeshi kamili kama mataifa mengine, au ibaki na ahadi iliyojiwekea baada ya vita? Huwezi kuufahamu mjadala huu mpaka ujue upanga ule ulivyochomolewa hapo kwanza, na nani aliyenyamazishwa siku ulipochomolewa.

Mwaka 1868 Japani ilianza kujengwa upya. Wakubwa wake waliona jinsi Wazungu walivyokuwa wakizimeza nchi za Asia, wakaogopa nao wasimezwe. Wakajenga shule na viwanda, na mwaka 1873 wakaweka sheria ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima. Katika haya hakuna la kulaumu, kwani mwenye nyumba ana haki ya kutia komeo mlango wake. Kosa lilikuwa kwingine. Katiba yao ya 1889 ililiweka jeshi chini ya Mfalme Mkuu moja kwa moja, na mawaziri hawakuwa na amri juu yake. Kisha ikatoka kanuni ya mwaka 1900 kwamba waziri wa jeshi na waziri wa wanamaji sharti wawe maofisa walio kazini. Kanuni hiyo ililegezwa 1913, ikarejeshwa 1936. Maana yake nini? Jeshi likichukia serikali, humwondoa waziri wake na kukataa kutoa mwingine, na serikali ikaanguka. Mlinzi akawa ndiye mwenye funguo za nyumba.

Na watoto shuleni walifunzwa nini? Tangu 1890 waraka wa Mfalme Mkuu kuhusu elimu ulisomwa mashuleni kwa taadhima kubwa, na mtoto akakua akijua kuwa fahari yake ni kujitoa mhanga kwa ajili ya mfalme. Kuipenda nchi ni tabia njema, ndugu msomaji. Lakini mapenzi yasiyoruhusu swali hugeuka upofu. Mwaka 1935 mwanachuoni mmoja wa sheria, Minobe Tatsukichi, alishambuliwa kwa kuwa alifundisha kwamba mfalme ni kiungo cha dola, si dola yenyewe. Vitabu vyake vikapigwa marufuku, akajiuzulu katika baraza, na mwaka uliofuata akapigwa risasi na kujeruhiwa.

Yeye alipona. Wengine hawakupona. Septemba 1931 maofisa wa jeshi huko Manchuria walilipua reli kwa mikono yao, wakawasingizia Wachina, wakapata kisingizio cha kuiteka nchi. Tarehe 15 Mei 1932 maofisa vijana wa wanamaji walimwingilia Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi nyumbani mwake wakamwua. Walipofikishwa mahakamani, watu walimiminika kuwaombea kwa barua, kwa kuwa eti waliua kwa kuipenda nchi, na adhabu zao zikawa nyepesi. Tafadhali lizingatie hili. Risasi iliyomwua Inukai ilifyatuliwa na wachache, lakini waliowaonea huruma wauaji walikuwa wengi. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Tarehe 26 Februari 1936 askari wapatao 1,400 waliasi mjini Tokyo. Wakamwua Waziri wa Fedha Takahashi Korekiyo, mzee aliyepita miaka themanini, ambaye alijaribu kuzuia fedha za nchi zisiishie kwenye silaha. Uasi ulizimwa kwa siku chache na wakubwa wake wakauawa, lakini hofu haikuzimwa. Mwaka 1937 vita vikawaka China nzima, na mwezi wa Disemba mji wa Nanjing ukatekwa, raia na mateka wakachinjwa, wanawake wakanajisiwa. Mwezi wa Februari 1940 mbunge Saito Takao alisimama barazani akauliza vita hivi vina lengo gani na vitakwisha lini. Jawabu aliyopewa ni kufukuzwa bungeni.

Kilichofuata wakijua. Disemba 1941 wakaishambulia Marekani. Usiku mmoja wa Machi 1945 mabomu ya moto yaliua Tokyo watu wapatao laki moja. Agosti 6 ukateketezwa Hiroshima, Agosti 9 Nagasaki, na Agosti 15 sauti ya Mfalme Mkuu ikasikika redioni ikitangaza kusalimu amri. Wajapani waliokufa katika vita vile walikaribia milioni tatu, na watu wa nchi walizozivamia waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hao. Mchimba kisima aliingia mwenyewe, lakini aliwatumbukiza na majirani.

Baada ya msiba huo ikaja katiba mpya, iliyoanza kutumika Mei 3, 1947, wakati Wamarekani wameikalia nchi. Kifungu chake cha 9 kinasema kwamba Wajapani wameviacha vita milele, na kwamba hawataweka majeshi ya nchi kavu, ya baharini wala ya angani. Lakini vita vya Korea vilipozuka 1950, Wamarekani wale wale waliamuru kiundwe kikosi cha polisi wa akiba, watu 75,000. Mwaka 1954 kikawa Jeshi la Kujihami. Hivyo Japani ikawa na jeshi lisiloitwa jeshi, na hapo ndipo mabishano yalipozaliwa.

Wenye siasa kali za kizalendo hawakutoweka. Oktoba 1960 kijana wa miaka 17 alipanda jukwaani Tokyo na upanga, akamchoma Asanuma Inejiro, kiongozi wa chama cha kisoshalisti, akihutubia mbele ya kamera za televisheni, akafa. Mwaka 1978 wakuu 14 waliohesabiwa kuwa wahalifu wakubwa wa vita waliingizwa kwa siri katika hekalu la Yasukuni, panapoadhimishwa waliokufa vitani. Kila waziri mkuu anapokwenda hapo, China na Korea hukumbuka makaburi yao. Januari 1990 Motoshima Hitoshi, meya wa Nagasaki, alipigwa risasi mgongoni kwa kuwa alisema kwamba Mfalme Mkuu naye alikuwa na sehemu ya dhamana ya vita. Mwenyewe alipona, na neno lake halikufutika. Naye mwanahistoria Ienaga Saburo aliishitaki serikali mara tatu, kuanzia 1965 mpaka hukumu ya mwisho 1997, kwa sababu ya kitabu chake cha shule kilichokatwa maneno. Miaka 32 mahakamani, ili watoto wasome yaliyotokea! Alijua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuwe waadilifu. Si kila anayetaka Japani iwe na jeshi ni mpenda damu. Wao husema: Korea ya Kaskazini ilirusha kombora juu ya nchi yetu 1998, China inaongeza manowari kila mwaka, na Mmarekani hatatulinda milele. Kwa hoja hizo serikali ilikitafsiri upya kifungu cha 9 mwaka 2014, ikapitisha sheria 2015 za kuruhusu kumsaidia rafiki aliyeshambuliwa, na Disemba 2022 ikaamua kuongeza matumizi ya ulinzi yafikie asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027. Wapinzani nao wana hoja: kila hatua iliitwa ndogo, na hatua ndogo ndizo zilizowafikisha 1945. Maelfu walisimama mbele ya bunge 2015 kusema hivyo, wakarejea majumbani kwao salama.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye mazingatio. Watu huuliza: Japani ina manowari ngapi? Mimi ningeuliza: mtu akisimama kusema hapana, hurudi kwake akiwa hai? Mwaka 1936 msema hapana aliuawa kitandani mwake. Novemba 1970 mwandishi mashuhuri Mishima Yukio aliingia kambi ya jeshi Tokyo, akawahutubia askari waasi ili katiba ibadilishwe. Askari wakamzomea, naye akarudi ndani akajiua. Vijana wale walikuwa na silaha, lakini hawakumfuata.

Upanga peke yake hauli watu. Hula watu pale wenye busara wanaponyamaza, walimu wanapofundisha uongo mtamu, na wauaji wanapoombewa huruma kwa kuwa ni "wetu". Haya si ya Japani pekee. Kila nchi yenye bendera ina vijana wepesi wa hasira na wazee wepesi wa kunyamaza. Mfundishe mwanao kuipenda nchi yake, na umfundishe pia kwamba nchi yake yaweza kukosea, na kwamba anayeiambia hivyo huenda ndiye aipendaye zaidi.