Mwasho una njia yake katika mishipa ya fahamu

WAKATI klorokwini ilipokuwa tiba kuu ya malaria Afrika Mashariki, wagonjwa wengi waliiogopa. Saa chache baada ya kumeza vidonge, mwili uliwasha, hasa viganjani na nyayoni, pasipo upele wowote. Baadhi yao waliacha dozi kabla ya kuimaliza, na dawa za mzio mara nyingi hazikufua dafu.

Jibu la fumbo hilo limo katika mishipa ya fahamu.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa mwasho ni maumivu hafifu tu. Mwaka 1997, watafiti wakiongozwa na Martin Schmelz walieleza kuwa ngozi ya binadamu ina nyuzi za neva, nyembamba na za mwendo wa polepole, zinazoitikia histamini. Mbu anapouma, seli za kinga zilizomo ngozini humwaga kemikali hiyo. Nyuzi hizo huamka na kupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, ambako neva nyingine huipokea na kuipandisha hadi ubongoni. Hapo ndipo mtu huhisi mwasho na kutaka kujikuna.

Mwaka 2007, Yan-Gang Sun na Zhou-Feng Chen wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walionyesha kuwa panya waliokosa jeni moja inayofanya kazi katika uti wa mgongo walijikuna kidogo, ilhali maumivu waliyahisi kama kawaida.

Miaka miwili baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waligundua kuwa klorokwini huamsha vipokezi vilivyo kwenye neva zenyewe, bila kupitia histamini. Ndiyo maana dawa za kuzuia histamini hazikutosha.

Klorokwini iliachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa sugu.

Kujikuna huleta nafuu kwa sababu maumivu madogo hufifisha ishara za mwasho katika uti wa mgongo. Hata hivyo, kucha zikijeruhi ngozi, uvimbe huongeza mwasho.

Mwasho unaodumu zaidi ya wiki sita huhesabiwa kuwa sugu. Unaweza kuashiria maradhi ya ini au figo hata pale ngozi inapoonekana safi, hivyo mgonjwa anapaswa kumwona daktari.