Ngiri ya Mama Wazee na Historia ya Kuitibu

Leo twazungumza juu ya ugonjwa ambao mama wengi wazee huuficha hata kwa binti zao, yaani kushuka kwa kizazi. Ni namna ya ngiri. Misuli inayoshika viungo vya ndani ya nyonga ikilegea kwa sababu ya uzazi na umri, basi kibofu, kizazi au hata utumbo husukuma ukuta wa uke na kuteremka. Mama husikia uzito, kama kitu kinataka kutoka.

Usidhani ni ugonjwa wa siku hizi. Vitabu vya Wayunani vilivyopewa jina la Hippocrates vyasema mgonjwa afungwe kwenye ngazi, kichwa chini na miguu juu, kisha atikiswe! Fikiri wewe, ajuza kufanyiwa hivyo. Wengine walimtia komamanga ukeni ili kuzuia. Soranus wa Efeso, mganga wa karne ya pili baada ya Kristo, aliipinga dawa hiyo ya kuning'inizwa, lakini kwa karne nyingi mama hakupata msaada mkubwa zaidi ya kizuizi cha kuvaa ndani.

Kisu kiliogopwa mpaka ilipopatikana dawa ya usingizi mwaka 1846, na baadaye dawa za kuua vijidudu. Mwaka 1877 Léon Le Fort wa Paris alishona ukuta wa mbele wa uke na wa nyuma pamoja. Kazi hii yafaa kwa bibi asiyehitaji tena tendo la ndoa, nayo hufanywa hata leo, kwani si nzito kwa mwili mkongwe. Mwaka 1888 huko Manchester, mji wa viwanda vya pamba, Archibald Donald alianza kukata shingo ya kizazi iliyorefuka na kukaza kuta zilizolegea, kizazi chenyewe akakiacha mahali pake.

Zamani zetu hizi zikaja nyavu za plastiki za kutiwa ukeni. Zilisifiwa mno. Lakini wanawake wengi waliumia, nyavu zikatokeza katika nyama, na mwezi wa Aprili 2019 Marekani iliwaamuru watengenezaji waache kuziuza kwa kazi hiyo. Madaktari wengi wakarudia kushona nyama ya mgonjwa mwenyewe, kama alivyofanya Donald.